Mji wa Lugha Mbili Ng'ambo ya Mto: Somo Kutoka Gatineau

Lengo la somo: Kuzisaidia familia zilizohama makwao, pamoja na viongozi wao, kuelewa ni kitu gani kinachowezesha watu wa lugha mbili kuishi jirani bila kupigana, na kuchagua hatua tunazoweza kuchukua hapa Kinsevere na katika kartie za Lubumbashi.

Namna ya kutumia somo: Someni kwa sauti katika kikundi, sehemu moja baada ya nyingine. Mwishoni yapo maswali ya kujadiliana. Kiongozi wa kikundi asijibu maswali peke yake.

UTANGULIZI

Mwulize Mkongomani yeyote ni mji gani unaotazamana na mji mkuu ng'ambo ya mto, naye atakujibu upesi: Brazzaville. Ni kweli. Lakini uko mji mwingine wa namna hiyo, ambao jina lake limeanza kutajwa katika familia za Wakongomani. Unaitwa Gatineau, nao uko Kanada. Unatazamana na Ottawa, mji mkuu wa nchi hiyo. Mto unaopita katikati ni mpaka wa majimbo mawili: upande mmoja ni Quebec, ambako lugha rasmi ni Kifaransa, upande wa pili ni Ontario, ambako watu walio wengi husema Kiingereza.

Jina la Gatineau linatajwa kwa sababu ni mmoja wa miji ambayo serikali ya Quebec huwapeleka wakimbizi inaowapokea. Familia kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimefika huko, nyingine baada ya kukaa miaka mingi katika kambi za nchi jirani. Ndiyo sababu leo Kiswahili nacho kinasikika katika mji huo wa Kifaransa na Kiingereza.

Hatuandiki somo hili ili kuwatamanisha watu safari. Wala hatusemi kwamba wenzetu wa Kanada ni malaika. Tunauangalia mji huo kwa sababu watu wake waligombana, walichomewa nyumba, walihamishwa kwa nguvu, na hata hivyo wakapata njia ya kukaa pamoja. Njia hiyo ina faida kwetu, na kasoro zake zina faida pia.

MJI WENYEWE

Kabla ya Wazungu kufika, mto ule na ardhi ya pande zote mbili vilikuwa vya watu wa taifa la Algonquin, ambao huuita mto huo Kichi Sibi, yaani mto mkubwa. Mpaka leo wanasema hawakutoa ardhi hiyo kwa mkataba wowote. Tulikumbuke jambo hili tunaposoma habari za "wenyeji" na "wageni" wa mji huo, kwa maana wale wanaojiita wenyeji leo walifika nao siku moja wakiwa wageni.

Mwaka 1800 mtu mmoja aitwaye Philemon Wright alitoka Massachusetts, Marekani, na familia kadhaa, akaanzisha makazi penye maporomoko ya mto. Makazi hayo yakawa mji wa Hull. Kazi kubwa ilikuwa kukata miti na kuielea mtoni mpaka bandarini Quebec. Ng'ambo ya pili, mwaka 1826, ukaanza mji wa Bytown wakati wa kuchimba mfereji wa Rideau. Mwaka 1855 Bytown uliitwa Ottawa, na mwishoni mwa mwaka 1857 Malkia Victoria aliuchagua kuwa mji mkuu. Sababu moja ya uchaguzi huo ni kwamba mji ulikuwa mpakani, kati ya eneo la Waingereza na eneo la Wafaransa, wala haukuwa mali ya upande mmoja kama Toronto au Quebec.

Gatineau ya leo ilizaliwa tarehe 1 Januari 2002, pale miji mitano ilipounganishwa kuwa mmoja: Hull, Aylmer, Gatineau ya zamani, Buckingham na Masson-Angers. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilipata wakazi 291,041. Walio wengi wamezaliwa katika Kifaransa, lakini zaidi ya nusu ya wakazi wanaweza kusema Kifaransa na Kiingereza pia. Madaraja matano ya magari yanauunganisha na Ottawa. Kila asubuhi maelfu ya watu huvuka kwenda kazini upande wa pili, na jioni hurudi.

UGOMVI WA KAZI ULIOVALISHWA NGUO YA KABILA

Mtu anayevuka daraja leo hawezi kufikiri kwamba hapo palikuwa mahali pa kupigana. Katika miaka ya 1830 kulikuwa na vita vya mitaani pande zile, ambavyo historia inaviita Vita vya Shiners.

Mambo yalianza hivi. Mfereji wa Rideau ulipomalizika mwaka 1832, wafanyakazi wengi kutoka Ireland walibaki bila kazi. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mbao, na wengi walioishika walikuwa Wafaransa wa Kanada. Hapo akatokea tajiri mmoja wa mbao, Peter Aylen. Aliwaajiri Waayalandi, akawapa chakula na pombe, akawaelekeza adui wao ni nani. Makundi yao yakawapiga Wafaransa, yakavunja mbao zao zilizokuwa zikielea mtoni, yakawatisha raia mjini. Waayalandi waliona wanapigania kabila na dini yao. Tajiri alikuwa anatafuta kuutawala mto na biashara yake.

Ni kitu gani kilichopunguza ugomvi? Mwaka 1835 wakazi wenyewe waliunda chama cha kulinda amani, wakapanga zamu za usiku. Haikutosha mara moja, vurugu zikaendelea kwa vipindi mpaka miaka ya 1840, lakini utawala na mahakama vikapata nguvu kidogo kidogo. Naye Aylen? Mwaka 1837 alivuka mto, akahamia mahali panapoitwa Aylmer, akawa mtu wa kuheshimiwa na akapata vyeo katika utawala wa huko. Aylmer ni sehemu ya Gatineau leo. Maskini waliotumwa kupigana walibaki na majeraha. Aliyewatuma akabaki na mali yake.

Sisi watu wa Katanga tunajua habari ya namna hiyo. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine ya migodi. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na kampuni ya Union Minière tangu wakati wa ukoloni. Maelfu walilala vituoni wakingojea treni, na wengine walikufa kwa magonjwa na njaa. Wakati ule ilisemwa ni mambo ya kabila. Lakini mtu akikaa na kufikiri, ataona pia vyeo vya siasa, nafasi za kazi Gécamines, na nyumba ambazo wenyewe walilazimishwa kuziacha.

Somo la kwanza: Ugomvi wa lugha au kabila unapotokea, tuulize kwanza: ni kazi gani, ardhi gani au cheo gani kinachogombewa? Na ni nani atakayefaidika tukipigana?

WATU WALE WALE: WENGI HUKU, WACHACHE KULE

Mto Ottawa unafundisha jambo lingine. Msemaji wa Kifaransa akiwa Hull, yumo kati ya walio wengi. Akivuka daraja tu, amekuwa mmoja wa walio wachache. Msemaji wa Kiingereza naye ni vivyo hivyo, kwa upande wa pili. Kwa hiyo kila kundi linajua ladha ya kuwa na nguvu na ladha ya kukosa nguvu.

Mwaka 1912 serikali ya Ontario ilitoa agizo lililojulikana kama Kanuni ya 17. Liliruhusu watoto kufundishwa kwa Kifaransa katika miaka miwili ya kwanza ya shule tu. Baada ya hapo ni Kiingereza. Wazazi wa Ottawa walikataa. Mwanzoni mwa mwaka 1916, katika shule ya Guigues, akina mama walikaa mlangoni wakawalinda walimu wawili ndugu, Béatrice na Diane Desloges, ili waendelee kufundisha kwa Kifaransa. Inasimuliwa kwamba silaha yao ilikuwa pini ndefu za kofia. Agizo hilo lililegezwa mwaka 1927. Halikulegezwa kwa bunduki, bali kwa wazazi waliokataa kuchoka, kwa magazeti, kwa kesi mahakamani na kwa mazungumzo.

Mwaka 1969 bunge la Kanada lilipitisha sheria ya lugha rasmi. Tangu hapo ofisi za serikali kuu zinapaswa kumhudumia raia kwa Kifaransa au Kiingereza, kwa kadiri ya sheria ile. Wakati huohuo serikali ilianza kujenga ofisi zake upande wa Hull pia, ili kazi za serikali zisibaki Ottawa peke yake. Hii ni hekima ya kuangalia. Hawakuhubiri tu upendano. Walipeleka kazi ng'ambo ya mto.

Quebec nayo ilitunga sheria yake mwaka 1977, ambayo watu huiita Sheria ya 101. Kifaransa kikawa lugha ya ofisi, ya kazi, ya mabango na ya shule za serikali. Wafaransa wa Quebec walisema: sisi ni wachache katika bara zima la Amerika ya Kaskazini, tusipoilinda lugha yetu itapotea. Wasemaji wa Kiingereza wa Quebec wengi walilalamika, na baadhi walihama.

Tusifiche kwamba damu nayo ilimwagika. Mwezi Oktoba 1970 kikundi kilichotaka Quebec ijitenge kiliwateka watu wawili, na mmoja wao, waziri Pierre Laporte, aliuawa. Lakini baadaye swali lenyewe la kujitenga lilipelekwa kwenye kura. Tarehe 30 Oktoba 1995 watu wa Quebec walipiga kura, na waliokataa kujitenga walishinda kwa asilimia 50.58. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Hata hivyo walioshindwa walirudi nyumbani, na kesho yake watu wakavuka madaraja kwenda kazini. Sisi ambao wazee wetu waliona Katanga ikitangazwa kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na vita vilivyofuata mpaka mwanzo wa mwaka 1963, tunaweza kupima thamani ya jambo hilo.

Somo la pili: Kanuni iliyoandikwa, inayojulikana na watu wote, na inayoweza kupingwa mahakamani au kwa kura, inazuia mapigano zaidi kuliko ahadi nzuri za mdomo.

PANDE ZOTE MBILI ZIMEJUA KUHAMA

Ninyi mliokimbia makwao msifikiri kwamba mji huo haujui habari za kuhama. Unazijua vizuri.

Tarehe 26 Aprili 1900 moto ulianzia katika nyumba moja ya Hull. Upepo ulikuwa mkali, na mbao zilikuwa zimepangwa kila mahali. Moto ukavuka mto mpaka Ottawa. Katika siku moja watu karibu 15,000 wa pande zote mbili walibaki bila makao. Moto haukuuliza mtu anasema lugha gani.

Mwaka 1962 haukuwa moto, ilikuwa barua. Serikali iliwaandikia wakazi wa LeBreton Flats, upande wa Ottawa, kwamba ardhi yao inachukuliwa kwa kupendeza mji mkuu. Watu wapatao 2,800 walihamishwa, wengi wao wafanyakazi wa kipato kidogo, Wafaransa na Waayalandi waliokuwa wamezoea kuishi jirani. Nyumba zilibomolewa, kisha kiwanja kikubwa kikabaki kitupu kwa miaka mingi. Upande wa Hull, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa katikati ya mji ili kupisha ofisi za serikali na barabara. Mnaona hapa jambo gumu: ofisi zile zile zilizoleta kazi na usawa wa lugha zilijengwa juu ya viwanja vya maskini. Jambo jema kwa taifa linaweza kuwa msiba kwa kartie moja, kama wenye nyumba hawakusikilizwa.

Karibuni zaidi, mafuriko ya mwaka 2017 na ya mwaka 2019 yaliingia katika nyumba nyingi za Gatineau. Na tarehe 21 Septemba 2018 kimbunga kilipiga kartie ya Mont-Bleu na kuangusha mapaa ya majengo ya kupanga. Mamia ya familia zilibaki bila nyumba, na kati yao kulikuwa na wahamiaji waliofika Kanada si zamani. Mtu aliyekwisha kukimbia vita alilazimika kuhama tena.

Somo la tatu: Kuhama si aibu, wala si alama ya kabila fulani. Ni jambo linaloweza kumpata mwenyeji kesho. Anayelielewa hilo hamcheki aliyehama leo.

MGENI ANAYEFIKA LEO

Mkimbizi anayepelekwa Gatineau anakutana na mambo gani? Tunaeleza kwa ufupi, kwa maana maneno mengi ya uongo yanazunguka.

Kwanza, kuhusu njia ya kufika. Mtu hupelekwa nchi ya tatu akiwa amekwisha kuvuka mpaka wa nchi yake na kutambuliwa kuwa mkimbizi, kwa mfano katika makazi ya Meheba au Mantapala huko Zambia. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, HCR, hupendekeza majina, na nchi inayopokea ndiyo inayoamua. Ni watu wachache sana wanaopata nafasi. Huduma hizo za HCR hazilipiwi. Yeyote anayekuuzia nafasi, fomu au "namba ya Kanada" ni mwizi. Na wewe uliyehama ukabaki ndani ya Kongo huhesabiwi kuwa mkimbizi kwa sheria za kimataifa; unaitwa mhamaji wa ndani, na serikali yako ndiyo yenye wajibu wa kwanza wa kukulinda. Nchi za Afrika zilikubaliana juu ya haki zako katika Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009.

Pili, kuhusu kupokelewa. Huko Gatineau shirika la Accueil-Parrainage Outaouais hufanya kazi ya kuwapokea wakimbizi: kuwasaidia kupata nyumba ya kwanza, nguo za baridi na vyombo, na kujiandikisha katika huduma za serikali. Mgeni haachwi kubahatisha mlango wa kubisha.

Tatu, kuhusu lugha. Watoto wa wahamiaji husoma kwa Kifaransa, kwa kufuata Sheria ya 101. Watu wazima wanapewa masomo ya Kifaransa bila malipo. Kwa Mkongomani aliyesoma, Kifaransa ni mlango uliokwisha kufunguliwa nusu. Lakini mama aliyezaliwa kijijini na kukulia kambini, ambaye anajua Kiswahili tu, anaanza mwanzo kabisa. Kisha akitafuta kazi Ottawa, mara nyingi anaambiwa: lete na Kiingereza. Kwa hiyo wengi wanajifunza lugha mbili kwa pamoja, huku wakilea watoto.

KASORO ZA MJI HUO

Somo la kweli halifichi upungufu. Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni sheria ya mwaka 2022 ya Quebec, inayoitwa Sheria ya 96. Kwa sheria hiyo, baada ya miezi sita tangu kufika, mhamiaji anapaswa kuandikiwa na ofisi za serikali ya jimbo kwa Kifaransa tu, isipokuwa katika mambo kama ya afya, usalama na haki. Wanaoitetea wanasema inamsukuma mgeni kujifunza. Wanaoipinga wanauliza kama miezi sita inamtosha mtu aliyetoka vitani, na hasa asiyejua kusoma.

La pili ni fedha. Mwaka 2024 madarasa kadhaa ya Kifaransa ya watu wazima yalifungwa katika Quebec kwa kukosa bajeti. Hapo wageni wakajikuta wamedaiwa lugha, huku shule ya lugha ikipungua. Kumdai mtu wajibu bila kumpa njia ya kuutimiza si haki, iwe Kanada au Kongo.

La tatu ni mpaka wenyewe. Siku za kawaida hauonekani. Lakini mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, polisi walisimama kwenye madaraja kwa majuma kadhaa wakiwarudisha watu wasio na safari ya lazima. Daraja ambalo watu walilizoea kama barabara ya nyumbani likawa mpaka kwa siku moja. Mazoea ya amani yanahitaji kulindwa, kwa maana yanaweza kusimamishwa upesi.

JE, LUGHA MOJA INATOSHA?

Mara nyingi katika mikutano yetu tunasikia mtu akisema: "Tungekuwa na lugha moja tu, tungepatana." Turudi basi kwenye mto wetu wenyewe. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana. Pande zote mbili wanasema Kifaransa na Kilingala, wanacheza muziki uleule na kuoana. Hata hivyo mwaka 2014 polisi wa Brazzaville walianzisha operesheni iliyoitwa Mbata ya Bakolo, yaani kofi la wakubwa. Ilisemwa ni ya kupambana na wahalifu, lakini zaidi ya watu 100,000 wa upande wetu walirudi Kinshasa, wengine wakiwa wamefukuzwa na wengine wakikimbia kwa hofu.

Na wale waliofukuzwa Likasi na Kolwezi walikuwa wanasema Kiswahili kilekile cha majirani zao. Watoto wao walicheza pamoja.

Basi lugha moja haileti amani yenyewe, na lugha mbili hazileti vita zenyewe. Kinachowatenganisha watu ni kuona kwamba kazi, ardhi na heshima vinagawanywa kwa upendeleo. Kinachowapatanisha ni kanuni ambazo kila mmoja anazijua na kuziamini, na mahali pa kupeleka malalamiko bila kuogopa. Hili ndilo jambo kuu la somo letu.

TUFANYE NINI HAPA KWETU?

Kongo ina Kifaransa kama lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kama lugha za taifa. Pande za Lubumbashi tunasikia pia Kisanga, Kilamba, Kibemba na Kiluba. Na ukishuka Kasumbalesa ukavuka, unakuta Kiingereza cha Zambia. Hatukosi lugha. Tunaweza kuanza na mambo haya matano, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

1. Tangazo lisomwe kwa lugha inayoeleweka. Orodha ya msaada, ya chanjo au ya shule isibandikwe kwa Kifaransa peke yake. Isomwe kwa sauti kwa Kiswahili, na awepo mtu wa kueleza kwa lugha ya wale waliofika karibuni. Asiyeelewa hudhani ameibiwa, na ugomvi huanzia hapo.

2. Kazi zigawanywe wazi. Panapotokea kazi za siku, barabarani au mgodini, shefu wa kartie na wawakilishi wa waliohama wakubaliane mbele ya watu juu ya namna ya kuchagua, kabla majina hayajaandikwa. Kanuni iwe moja kwa mwenyeji na kwa aliyehama.

3. Ardhi iandikwe. Eneo la Kinsevere ni la migodi, na watu wanaweza kuombwa kupisha. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inatambua haki ya fidia kwa jamii zinazohamishwa. Kila familia itunze karatasi zake, iandike mashamba na miti iliyopanda, na iwe na mashahidi wawili. Mtu asitie sahihi karatasi ambayo haijasomwa kwake kwa lugha anayoielewa.

4. Mtoto asichekwe kwa lugha ya kwao. Walimu na wazazi wafundishe Kifaransa kwa bidii, kwa maana ni ufunguo wa mitihani na ofisi. Lakini mtoto anayesema Kiluba cha nyumbani asipewe jina la dharau. Lugha ya pili huongezwa juu ya ya kwanza.

5. Iwepo kamati moja. Kamati ya wenyeji peke yao na kamati ya waliohama peke yao ni kambi mbili. Iwepo moja ya pamoja, wanaume na wanawake, vijana na wazee, inayokutana siku maalumu hata pasipokuwa na ugomvi. Ugomvi ukitokea, watu watakuwa wanajuana kwa majina.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haisemi mwenyeji apoteze. Mgeni analeta mikono, ufundi, mbegu na habari. Lakini faida hiyo huonekana pale tu ambapo mwenyeji hana hofu ya kunyang'anywa, na mgeni hana hofu ya kufukuzwa. Kazi ya viongozi ni kuziondoa hofu hizo mbili kwa pamoja, kwa maana ukiondoa moja na kuiacha nyingine, zote mbili zinarudi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kartie au kijiji chako, ni lugha gani zinazosikika? Ni nani anayeshindwa kuhudumiwa ofisini kwa sababu ya lugha?

2. Fikirini ugomvi mmoja uliowahi kuitwa wa kabila hapa kwetu. Msitaje majina ya watu. Ni kazi, ardhi au cheo gani kilichokuwa ndani yake? Ni nani aliyefaidika?

3. Akina mama wa shule ya Guigues walitetea lugha ya watoto wao bila kumwua mtu. Sisi tunaweza kudai haki gani kwa njia ya namna hiyo?

4. Kwa wenyeji: ni jambo gani mnaloliogopa kuhusu waliohama? Kwa waliohama: ni jambo gani mnaloliogopa kuhusu wenyeji? Kila upande usikilizwe mpaka mwisho bila kukatizwa.

5. Kati ya hatua tano zilizotajwa, ni ipi mnayoweza kuianza mwezi huu? Ni nani atakayeifanya, na mtakutana siku gani kuangalia kama imefanyika?

Andikeni majibu ya swali la tano kwenye karatasi, mpeni nakala shefu wa kartie, na nakala moja ibaki kwa katibu wa kamati.